Jani Lililonyamaza Njiani

Mmeniuliza weee, mpaka mazoezi ya kwaya yamegeuka baraza. "Sara, safari ilikuwaje? Sara, mbona umekonda hivyo? Sara, mbona mama haonekani tena kibarazani?" Kila Jumapili maswali yaleyale, na mie kila Jumapili nawajibu "salama tu," kwa sababu mlango wa kanisa si mahali pa kumwaga mambo ya ndani. Sasa nimechoka na hiyo salama, maana salama yenyewe haikuwepo. Naandika mara moja tu. Someaneni, muelewe, halafu mniache nipumue.

Temeke, kwa kaka

Mama mnamjua, lakini labda hamjui alivyofika hapa. Baba alipofariki huko kwetu Ukinga, kaka Obadia alimfuata mama, akamleta kwenye nyumba yake ya kota hapa Temeke. Alimwambia aje akae kidogo, apumzike. Hiyo kidogo ikawa miaka. Magoti yakaanza kukaza, mwanzo asubuhi tu, baadaye kutwa nzima, mpaka kumtoa chumbani kumpeleka uani ikawa shughuli ya watu wawili. Dawa za hospitali alikunywa. Mafuta ya nazi ya jirani yetu Bi Mwanaidi, yule Mzaramo mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alipakwa. Wapi!

Wimbo wake ulikuwa mmoja. "Mngenipatia lile jani la kwetu, lile linalowasha. Mngenichapa nalo magotini, mngenipa na mchuzi wake, ningesimama. Nikisimama, narudi kwangu."

Kwangu, yaani nyumba yake ya kule mlimani. Aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mtoto aliyemwacha kwa majirani. Mlango wake wa mbao nzito, jiko lake, zizi lake la nyuma na ng'ombe aliowajua kwa majina. Na kaka Obadia, kila akiulizwa, alijibu bila kupepesa macho: "Nyumba ipo, mama. Mama mdogo anaiangalia." Mama akisikia hivyo anatulia, anaomba chai.

Siku moja kaka aliniita. Wifi yangu Agnesi alikuwa ameketi pembeni anachambua mchele, hainui uso.

"Sara, nenda Ukinga ukamletee mama hilo jani."

"Mie? Mie nililetwa huku sijaota hata meno ya pili, kuja kulea watoto wako. Hilo jani nitalijuaje?"

"Nani mwingine aende? Mie nina kazi, wifi yako ana watoto. Wewe huna kinachokushika."

Jamani, kuna maneno mtu hapaswi kuambiwa na ndugu wa tumbo moja. Huna kinachokushika! Mume kafa, mtoto Mungu hakunipa, basi nimekuwa kikapu, anayetaka kunituma anatuma. Lakini nilimwangalia mama pale kitandani, amenikazia macho kama mtoto anayesubiri kupakuliwa chakula, nikasema haya, nitakwenda.

Mama akaniita karibu. Akanishika kiganja, akakifungua.

"Kwetu mgonjwa hupewa jani kiganjani kwanza," akaniambia. "Likimuuma, ndilo, na ugonjwa umesikia. Lisipomuuma, aliyelileta analirudisha. Usije ukanibebea majani ya mbuzi."

Garimoshi mpaka Dodoma

Nilipanda daraja la tatu, kwenye benchi la mbao, nimebanwa kati ya dirisha na vijana waliokuwa wanatoka kwenye mashamba ya mkonge. Walikuwa wamekonda na mikono imechanika, lakini kila mmoja ana sanduku jipya la bati, na masanduku hayo wameyapakata kama maharusi. Niliwauliza wanatoka upande gani. Wawili walisema Ukinga. Nikafurahi, nikawaambia na mie ni wa huko. Wakanisemesha kwa Kikinga. Nikabaki natabasamu kama bubu. Mmoja akamgeukia mwenzake, wakacheka, na kuanzia hapo wakaniita "mama wa pwani".

Mbele yangu aliketi mama mmoja wa Kigogo, anarudi kwao. Alitazama kifurushi changu kimoja, akatazama macho yangu, maana nilikuwa nimelia kidogo tulipoondoka, akaamua anajua habari yangu yote.

"Mwanangu, rudi kwa mumeo."

"Mume wangu alikufa, mama."

"Ndivyo mnavyosemaga nyote," akajibu, akatikisa kichwa. "Hata mie niliwahi kusema wangu amekufa. Nilipofika kwetu nikamkuta keshafika, anakunywa pombe na baba."

Nikamwapia. Haikusaidia. Mvua ilikuwa imekula njia huko mbele, tukasimama kwenye stesheni ndogo mpaka watu wakashuka, wakawasha mioto, wakafua na nguo. Chakula changu kikaisha. Yule mama akafungua kibuyu na kitambaa, akanimegea ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ule unateleza, kwangu ulikuwa mgeni, nikaumeza kwa njaa nikaona mtamu. Kila tonge alilonipa lilikuja na wosia: mwanamume ni mtoto, mwanamume anavumiliwa, rudi kwa mumeo. Nilikula ugali wa watu na ndoa isiyokuwepo. Tulipofika Dodoma alinikumbatia, akanishika mashavu na kuniambia Mungu atamlainisha moyo. Nikamwitikia amina. Ningefanyaje?

Basi, korongo na baridi

Kutoka Dodoma kwenda Iringa nilipanda basi. Jua la Ugogo ni kali, vumbi ni jekundu, na barabara kila baada ya kitambo inakatwa na korongo. Makorongo mengine yalikuwa makavu. Moja lilikuwa limejaa maji ya matope yanayokwenda kwa kishindo, na hapo hata mawingu hatukuyaona. Dereva akazima injini, akatandika gunia chini ya basi, akalala. Abiria mmoja alimwuliza tutaondoka saa ngapi. Dereva akajibu bila kufumbua macho: "Muulize korongo."

Basi tukakaa. Watu wakagawana mahindi ya kuchoma. Mwalimu mmoja mzee akanisimulia safari zake zote tangu utoto, na kila safari alikuwa amekwama. Mie nilikuwa nawaza mama. Kabla sijaondoka alikuwa ameanza kujizoeza kukunja vidole vya miguu, anajiandaa. Aliniambia nikichelewa atakuwa ameshasahau kutembea, mie nikacheka.

Iringa baridi ilinipokea kwa makofi. Nilishuka na khanga zangu mbili na viatu vya kanisani. Watu wanasalimiana "kamwene", wamejifunga mablanketi, mie natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nilinunua shuka zito la mitumba, nikajifunga nalo mpaka nilipofika, mpaka niliporudi. Ndilo hilo mnaloniulizaga nalipeleka wapi kanisani.

Njombe

Huko mbele mabasi hayakuwepo siku hiyo, nikapata lori lililobeba chumvi na mabati. Dereva alikuwa mtu mpole, tatizo lake moja tu: ulanzi. Pombe hiyo hutoka kwenye mianzi, wanaukata mwanzi mchanga wakati wa mvua, unadondoka wenyewe, mtamu asubuhi, jioni unamwangusha mtu. Kila kijiji chenye mianzi dereva wetu alikuwa na "ndugu yake" wa kumsalimia. Alikuwa na ndugu wengi sana barabara ile. Safari ya kutwa ikatuchukua mpaka nikaanza kumjua utingo na wadogo zake wote kwa majina.

Kisa cha Njombe ndicho kilichonichoma. Tulifika mchana kwa mama ntilie mmoja, harufu imejaa mpaka barabarani. Nyama ya nguruwe, imekaangwa na vitunguu, pembeni viazi mviringo na njegere. Mate yakanijaa. Nikaketi benchini na wenzangu. Mama mwenye chakula akaja, akaitazama khanga yangu kichwani, akasikiliza Kiswahili changu, akaiondoa sahani yangu upesi upesi.

"Samahani sana, dada yangu. Tusamehe. Hatukujua kuna Mwislamu."

"Mie si Mwislamu!"

"Usione haya, dada. Sie tunaheshimu dini za watu."

"Naitwa Sara! Naimba kwaya!"

"Hata Waislamu wana Sara," akasema yule mama kwa upole, akaniletea viazi vitupu, vimemenywa vizuri, na sufuria nyingine, kijiko kingine, ili nisinajisike. Wenzangu wote wakahama benchi langu kwa heshima, wakala nyama ile wamenipa mgongo. Nilikula viazi huku nawasikia wanavunja mifupa. Temeke mie ni mtu wa bara. Bara mie ni mtu wa pwani. Nani basi atanipakulia nyama?

Mlimani, kwa mama mdogo

Kutoka barabarani nilipanda kwa miguu. Ukungu, utelezi, na mlima hauishi. Viatu vya kanisani vilifia huko. Nilimkuta mama mdogo Lusia, mdogo wake mama, analima viazi kwenye mteremko mkali, mguu mmoja juu mmoja chini.

"Shikamoo mama mdogo. Mie ni Sara, mtoto wa dada yako."

Akanyoosha mgongo. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mtoto wa dada yangu angekuja na viatu hivyo kwenye tope hili?"

"Sijui tope la kwetu, mama. Niliondoka mdogo."

"Marahaba," akasema mwishowe, akatupa jembe. "Na yeye yuko hai?"

Nilimweleza magoti, nikamweleza jani. Alinipeleka ndani, akanipa uji wa moto na njegere za kuchemsha, akanifunika ngozi ya kondoo miguuni. Alinisema wakati wote huo: kwamba dada yake aliondoka bila kumuaga vizuri, kwamba Obadia hajarudi tangu alipomchukua, kwamba watu wa Dasalamu wanafikiri mlima unajilima wenyewe. Lakini uji alikuwa ananiongeza.

Asubuhi akachukua tenga la mianzi na mundu. "Twende ukalijue."

Niliuliza kama tunakwenda ukingoni mwa msitu, maana mama alinisimulia alikuwa akichuma huko. Mama mdogo akasema huko siku hizi wamepanda miti ya serikali, jani halipo tena. Tukashuka bondeni, tukapanda ng'ambo, tukafika mahali penye vichaka vya kijani kibichi vilivyozidi kimo changu, vimejaa, vimesimama kwa mraba.

"Lenyewe ndilo hilo," akasema. "Tazama kabla hujashika. Jani limekatwakatwa pembeni kama msumeno. Yanaota mawili mawili, yanaelekeana kwenye shina. Sasa inama, lichungulie kwa kuelekea jua. Unaona malaika yanang'aa?"

Niliinama. Kweli, shina zima na majani yote yalikuwa na vinyweleo vyembamba, vinang'aa kama vimelowa. Nikanyoosha kidole. Yesu wangu! Nilipigwa mpaka kwenye kiwiko. Kidole kikavimba vipele vyeupe, nikaruka nikikitia mdomoni, na mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza.

Akanionyesha wao wanavyolifanya. Unalishika kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, vinyweleo vinalala, halikuumi sana. Anayeshika kwa woga ndiye anayeumia. Machanga ya juu ndiyo mboga, yakiingia maji ya moto tu ukali unakwisha, unayapika na viazi. Mzazi aliyetoka kujifungua hupewa mchuzi wake aongeze damu. Mwenye viungo vilivyokaza anachapwa nalo bichi, anapiga kelele, halafu joto linaingia ndani na kukaa. Maji yake ya kuchemsha ni ya kukandia.

"Lakini usikie," akasema. "Likinyauka, linanyamaza. Haliwashi tena. Dawa ya mchuzi na ya kukanda inabaki humo humo, ila kuchapa haliwezi. Lifunike nyasi mbichi, linyunyizie maji kila upatapo, lisione jua."

Nikamwuliza mbona hapa limeota kwa wingi hivi na kwa mraba hivi. Mama mdogo alikuwa anakata, akaacha kukata.

"Hili halikai porini hivi hivi. Linafuata watu. Palipolala ng'ombe, palipomwagwa majivu, watu wakiondoka lenyewe linaingia. La msituni lina jani dogo, gumu. La penye samadi linakuwa pana hivi." Akanipimia jani kwenye kiganja chake, likakijaza chote. "Hapa uliposimama ni zizi la mama yako. Pale ni jiko."

Nilitazama. Ndipo nikayaona mafiga matatu kati ya mashina, meusi bado, na nguzo moja iliyooza.

"Kaka anasema wewe unaiangalia nyumba!"

"Naiangalia, ndiyo. Kila nikipita naiangalia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Niiezeke na nani? Vijana wote wako kwenye mkonge. Paa liliingia ndani masika ya pili tangu waondoke, nikampelekea Obadia habari na mtu aliyekuwa anakwenda Dasalamu, akajibu nisimwambie mama. Sasa na wewe usimwambie. Mama yako alikuwa analing'oa jani hili uani kwake kila kukicha. Alisema likiota mlangoni kwa mwanamke, huyo ameshakufa."

Tulijaza tenga. Nililia pale jikoni kwa mama, na mikono inawaka, na sikujua ni kipi kati ya viwili kinaniliza zaidi.

Kurudi

Mpaka Iringa nililitunza jani lile kuliko watu wanavyotunza mayai. Kila kisima, kila mto, nanyunyizia maji. Usiku nalala karibu nalo. Watu wananiuliza nimebeba nini, nasema mboga. Lilikuwa bichi bado, nalijaribu kwa kidole kila asubuhi na linaniuma barabara, mie namshukuru Mungu kwa kuumwa.

Basi la kutoka Iringa liliniharibia. Barabara mbovu, tukarushwa, na bwana mmoja aliyesimama karibu yangu akatafuta pa kujishikilia, akauzamisha mkono wote ndani ya tenga.

"Yalaa! Nyoka! Nyoka!"

Mama wee! Watu walipitia madirishani. Dereva akafunga breki, kuku wakaruka, mtoto akalia. Kondakta akalichungulia tenga kwa fimbo.

"Umebeba nini wewe mwanamke?"

"Majani tu."

"Majani gani yanang'ata?"

"Ya dawa."

Ningenyamaza! Neno dawa lilipotoka tu, basi zima likasogea nyuma. Yule bwana anatazama vipele mkononi, anasoma dua. Mmoja akasema wachawi siku hizi wanapanda mabasi mchana kweupe. Nikawaapia, nikaupenyeza mkono wangu mwenyewe wauone unavyovimba, ikawa mbaya zaidi: "Mmemwona? Haogopi!"

"Juu ya paa," kondakta akasema. "Au ushuke nalo."

Nishuke wapi, kwenye ile nyika? Tenga likapandishwa juu na masanduku, zile nyasi za kufunikia zikapeperushwa na upepo, na jua la Ugogo mnalijua. Nilikaa chini nalisikiliza paa. Korongo letu lilikuwa na maji tena, tukasubiri tena, nikamwomba kondakta anishushie tenga nilitie kivulini. Akasema akilishusha abiria watashuka wote. Dodoma nilipolifungua, majani yalikuwa yamejikunja, meusi meusi, mepesi. Nikaingiza kidole, nikasubiri. Hakuna. Nikauingiza mkono wote. Hakuna kitu.

Nilikaa kwenye jukwaa la stesheni nikalia kwa sauti. Mgogo yule angeniona angesema, nilikwambia urudi kwa mumeo.

Temeke tena

Niliingia nyumbani saa ya chakula cha mchana, Jumapili, wote wapo. Mama alikuwa ameketishwa kitini, amevaa gauni lake la sikukuu. Wifi alikuwa amemwosha magoti kabisa.

"Lete," mama akasema, na kiganja chake kiko wazi tayari.

Nilimweleza kwanza, kwamba limenyauka njiani, halitawasha, lakini mchuzi na kukanda vipo. Hakunisikiliza. Nikamwekea jani kiganjani. Akafumba macho, akasubiri. Akalisugua. Akalisugua kwenye mkono wa ndani, palipo laini. Akafumbua macho akanitazama, na macho yale sijui nitayasahau lini.

"Umelichuma wapi hili?"

Kaka Obadia alikuwa nyuma ya kiti chake. Akanitikisia kichwa, kidogo tu.

"Ukingoni mwa msitu, mama."

"Upande upi? Wa juu penye maporomoko, au wa chini?"

"Wa... chini."

"Chini hakuna msitu," mama akasema. "Sara, hujafika. Umekaa mahali ukala nauli, ukaniletea mchicha mkavu. Lirudishe."

Kaka akanyamaza. Jamani, kaka yangu alinyamaza! Neno lake moja lingenisafisha, akakaa nalo mdomoni kama pipi. Nikalibeba tenga kwenda jikoni. Kama nilikuwa na moyo wa kusema ukweli, nilipouangalia uso wa mama ukaniishia.

Yaliyofuata ni ya wifi Agnesi. Nilikwenda bombani kuchota maji, yeye akasema, linalowasha si hata hapa lipo? Nyuma ya kota, kule vichakani, kuna mti unaotambaa, una maganda yenye manyoya ya kahawia. Akayakusanya kwa kitambaa. Mama mwenyewe akasema nipakeni. Nilirudi na ndoo kichwani, nikasikia ukelele wa mama nikiwa barabarani bado. Bi Mwanaidi alikuwa ameshatangulia ndani.

"Lahaula! Nani kampaka bibi upupu? Huu watu wanatiliana kitandani kwa uadui! Leteni majivu, majivu upesi, msimwagie maji!"

Alimsugua majivu yeye mwenyewe, mama anajikuna analia, mapaja yamevimba mekundu. Alipotulia, mama akasema huku anatazama ukuta: "Hilo angalau linauma."

Mnaona? Aliyemtesa akapata sifa, mie niliyepanda mlima nikabaki mwizi. Nilimkasirikia mama yangu siku ile, sifichi.

Kesho yake sikumwuliza mtu. Nilimenya viazi alivyonifungashia mama mdogo, nikachemsha, nikatia jani lile na chumvi kidogo. Na jani lilipopata maji ya moto likajifungua. Nililiona linakunjuka polepole ndani ya sufuria, na rangi yake ikarudi. Nikampakulia mama. Kaka alikuwa anajiandaa kwenda kazini, wifi ameshika beseni la yale maji ya kukandia.

Mama alinusa sahani kwanza. Akaonja. Akala tonge la pili, la tatu, na machozi yanamtoka anakula tu.

"Ni lenyewe," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Ulifika."

Nikataka kumwangukia miguuni. Lakini alikuwa ameinua jani moja zima kwa vidole. Akalitandaza kiganjani, akalinyoosha pembe zake taratibu. Lilikijaza kiganja chote, likazidi.

Akakaa analitazama muda mrefu. Kaka akaacha kufunga viatu.

"La msituni ni dogo," mama akasema. "Hili limekula samadi na majivu ya miaka, na Sara akanificha lilikotoka." Akanyamaza. "Obadia, nyumba yangu ilianguka lini?"

"Nani kakwambia, mama? Sara amekwambia nini?"

"Sara hajaniambia kitu."

Kaka akaviinamia tena viatu vyake. Wifi akapiga magoti na beseni lake, akataka kuanza kukanda, na mama akaivuta khanga akaifunika miguu yake.

"Acha, Agnesi. Miguu niliyokuwa naiombea ilikuwa ya kurudia kwangu. Sasa nisimame niende wapi? Uani kwenu?"

Basi, hayo ndiyo mliyokuwa mnayauliza. Maji yale namkanda bado, kila siku, ananiacha nimkande kwa kuwa hana nguvu ya kunikatalia, na mchuzi anakunywa mpaka tenga limekwisha. Kibarazani hataki. Kaka amesema ataijenga nyumba ile, mama akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Na magoti, wenzangu, yamelegea. Sijui ni jani, sijui ni nini. Juzi nilirudi kutoka kwenye mazoezi yetu mapema, nikaingia bila kubisha, nikamkuta amesimama dirishani peke yake, hajashika ukuta, hajashika fimbo. Aliponiona, akakaa.